Inchi Nane

Asubuhi naamka, nimeshika kiunoni,
Faki naye atamka, bega lina moto ndani,
Mafuta tunajipaka, ya makonyo, hatuponi,
Twanuka kama ghalani, maumivu yako pale.

Godoro nililopewa, na mama, lilo la sufi,
Siku niliyoolewa, jeupe, jororo, safi,
Kwa miaka kulaliwa, limekuwa kama kofi,
Kunguni ndani hawafi, hata ukilianika.

Mimi mwani naufunga, mgongo kama manati,
Faki mbao azichonga, milango na makabati,
Jioni tukijipanga, kulala huwa bahati,
Usiku wote twaketi, twamngojea jogoo.

Muuguzi kanipima, akaniambia jambo:
"Vidonge si vya daima, vitaumiza na tumbo.
Godoro limeshazama, huo mgongo ni chombo,
Tafuta la lako umbo, lisikunje, lisigonge."

Mwani wangu nikauza, nikasema, "Twende Chake."
Faki akanichagiza, fedha ni bora niweke,
Nami sikumsikiza, nikavaa niondoke,
Akaja na shingo yake, upande kama kunguru.

Dukani kwa Masoudi, magodoro hadi dari,
Kila ua na waridi, nailoni za fahari,
Akasema, "Sina budi, niwaeleze habari:
Inchi kumi ndizo nzuri, sita ni la mwanafunzi."

Sponji nikalibonyeza, kiganja kikapotea,
Faki akanikonyeza, "Bei imeshalegea!"
Nikamwambia, "Lameza, nyonga zitaogelea,
Majini nimezoea, si tena usingizini."

"Godoro si la mkono," Masoudi akanena,
"Lipe ubavu, kiuno, ulilalie kwa kina,
Mambo haya si maneno, lalia, utayaona."
Mimi huyu, na mchana, nilale mbele za watu?

Nikavivua viatu, nikanyoosha mgongo,
Wapita njia watatu, wakavuta zao shingo,
Faki kasema, "Si kwetu!" akaegemea lango.
Haya haina mgongo, unaouma ni wangu.

La makumbi, gumu kavu, ungedhani ni la jiwe,
Lilinigonga ubavu, nikainuka mwenyewe,
La springi lina mabavu, lilinitia kiwewe,
Nikamwita, "Njoo wewe, kitanda ni cha wawili."

Likaja la inchi nane, si gumu wala laini,
Tukalala tulingane, tumetazama darini,
Nikapenyeza nione, vidole vi mashakani,
Vikapita kiunoni, kwa taabu. Ndilo hili!

Akataja laki tatu, Faki shingo kanyooka,
"Vyote vile vyombo vyetu, havifiki," katamka,
Tukavivaa viatu, mara bei ikashuka,
Mbili na nusu kafika, na foronya ya nyongeza.

Ng'ombe akalikokota, hadi Wesha, nifuate,
Shuka mpya nikavuta, pembe zake nne zote,
Alfajiri nikakuta, maumivu yale yote!
Nikataka nimtete, Masoudi kwa hadaa.

Nikaingia mvungu, nikitafuta kiatu,
Kitanda, chumbani mwangu, kimekosa chaga tatu!
Faki, fundi, mume wangu, kazitumia kwa watu,
Yu kimya kama si mtu, akizikuna ndevuze.

Akapiga misumari, chaga tatu za mvule,
Sufi ya mama, johari, nikajaza mito ile,
Usiku ulipojiri, Faki kakoroma kule,
Na jogoo wa kelele, akawika peke yake.